Kuli wa Mutsamudu asiyewala ng'ombe anaowapakua

Saa moja kasorobo asubuhi, Rachadi Attoumane yuko chini ya ng'ombe.

Amelala ubavu juu ya mbao zilizolowa mkojo, ndani ya shimo la shehena la meli iliyofunga gati jana jioni, anapitisha mkanda wa turubai chini ya tumbo la fahali mwekundu. Fahali anapiga teke. Ukwato unatua shubiri moja tu kutoka sikioni mwake. Rachadi hakurupuki. Anaendelea kumsemesha kwa Kimalagasi, maneno yale yale mawili matatu, kwa sauti ya mtu anayembembeleza mgonjwa anywe dawa, mpaka ncha ya mkanda inatokea upande wa pili na mwenzake anaidaka.

Kisha anatoka, anafunga ndoana, anainua mkono. Winchi inaanza kulia. Fahali anapanda taratibu, miguu minne ikining'inia, masikio ameyalaza nyuma. Hapigi kelele. Anavuka ukingo wa meli, anashushwa gatini, anasimama kwa miguu yake, na jambo la kwanza analofanya ni kunusa mfuko wa saruji.

"Bado ishirini na tisa," anasema Rachadi, akijifuta uso kwa kiwiko.

Ni Alhamisi ya Oktoba 1988, siku ya meli ya ng'ombe katika bandari ya Mutsamudu, kisiwani Nzwani, Komoro. Ng'ombe hawa wametoka Majunga, Madagascar. Rachadi naye ametoka huko huko. Ana umri wa miaka arobaini na tatu, kazi yake ni ukuli, na huu ni mwaka wa nne hajatia mdomoni nyama ya ng'ombe, ya mbuzi wala ya kuku.

"Wengine hudhani naumwa, daktari amenikataza," anasema. "Wengine husema nilichukua dini ya watu huko Majunga. Mimi ni Muislamu, mwana wa Muislamu. Sijaharamisha kitu alichohalalisha Mungu. Nimeacha tu, kama mtu anavyoacha tumbaku."

Anasema Kiswahili kizuri, alichojifunza kwa mabaharia tangu ujana wake. Mkewe na majirani wanasema Kinzwani, na ni yeye aliyekaa katikati kumtafsiria mwandishi, hata pale walipokuwa wakimsema yeye.

Nyumbani kwake, mwendo wa nusu saa kutoka bandarini, mna majiko mawili. Kwenye moja mkewe, Djouhara, huweka chungu cha nyama siku nyama inapopatikana, nayo ni mara mbili kwa mwezi au tatu. Kwenye la pili huchemka mbaazi za nazi, magimbi au shelisheli. Watoto wanne hula watakacho. Rachadi hajawahi kuwakataza.

"Nilimuuliza kama mwaka huu atamaliza ukaidi wake ili nipumzishe jiko moja," anasema Djouhara. "Akaniambia niuze hilo la nyama."

Rachadi anapofika hapo katika kutafsiri, anacheka mwenyewe.

Alizaliwa Majunga kwa wazazi wa Kinzwani waliokwenda huko kutafuta maisha. Akiwa na miaka kumi na minane tayari alikuwa na mkokoteni wake, ukivutwa na ng'ombe wawili, akibeba magunia ya mchele kutoka maghalani hadi bandarini. Aliifanya kazi hiyo miaka kumi na mitatu. Anasema ng'ombe wa mkokoteni unamjua kama unavyomjua mtu unayefanya naye kazi: unajua asubuhi gani hataki, mlima gani anauogopa, nani kati ya wawili ni mvivu na nani hujifanya mvivu.

"Na miaka yote hiyo nilikula nyama kila Ijumaa," anasema. "Sikuona neno. Siwezi kukudanganya kwamba nilizaliwa na huruma kuliko wengine."

Mwisho wa mwaka 1976, Wakomoro wa Majunga walivamiwa kwa mapanga na moto. Rachadi hapendi kuyaeleza ya siku zile. Anasema tu kwamba alipoteza ndugu wawili wa kiume, kwamba mkokoteni na ng'ombe wake hakuviona tena, na kwamba mama yao, Sittou, aliangukiwa na boriti ya nyumba iliyokuwa ikiungua, akavunjika nyonga. Walikaa majuma mengi kambini. Mwaka uliofuata walirudishwa katika visiwa ambavyo wengi wao walikuwa hawajapata kuviona. Waliosafirishwa kwa ndege walipewa jina la shirika lililowabeba, Sabena, na jina likawaenea wote, hata wale waliokuja kwa meli kama Rachadi, mama yake na dada yake Rahamatou.

Wakati huo Mutsamudu haikuwa na gati la meli kubwa. Meli zilitia nanga nje na watu waliteremka kwa ngazi ya kamba kwenye matishari, mashua bapa za kubebea shehena. Sittou hakuweza kushuka ngazi. Baharia mmoja akasema atiwe kwenye wavu wa mizigo, ule ule wa magunia.

Rachadi alikataa. Aliomba kipande cha turubai kilichokuwa kimefunika mashua ya meli, akamlaza mama yake juu yake, akazikusanya pembe nne, akapitisha vijiti viwili ili kitambaa kisimbane mbavu. Akamwambia mwenye winchi ashushe polepole, na yeye mwenyewe akaning'inia ubavuni, mkono mmoja kwenye kamba, mwingine umeshika bega la mama.

"Alipofika chini aliniuliza kama tumeshafika," anakumbuka. "Alikuwa amefumba macho akidhani bado tuko juu."

Sittou aliishi miaka minne zaidi, akazikwa Mutsamudu.

Rachadi aliingia ukuli mwaka ule ule waliofika, 1977. Mwaka uliofuata, Mei 1978, wazungu wenye bunduki waliingia nchini kwa njia ya bahari, serikali ikabadilika, na tangu hapo wapo. Kila mtu visiwani anajua kwamba ni askari wa kukodiwa, na ni wachache wanaolitamka neno hilo kwa sauti. Bandarini walikuja kwa magari yao kuchukua mizigo yao, makuli wakapakua na kuinamisha macho. Ng'ombe walizidi kuja, maana wageni wale walikula nyama mchana na jioni.

Njia ya kuwapakua ilikuwa moja. Kamba ilifungwa kwenye mashina ya pembe, ndoana ikatiwa, winchi ikavuta. Ng'ombe mzima, kilo mia tatu, alipanda hewani akining'inia kwa kichwa chake. Kwa kila ng'ombe kundi la makuli sita lililipwa faranga themanini za kugawana, kwa hiyo kilichotakiwa ni haraka.

Novemba 1984, bahari ikiwa na mawimbi, Rachadi alikuwa chini kwenye tishari akishika kamba ya mkia. Ng'ombe mmoja mweusi alipofika katikati, pembe moja ilichomoka.

Mnyama alibaki akining'inia kwa pembe ya pili, akizunguka. Damu ilimwagikia Rachadi kifuani. Winchi ilisimama kwa sababu mwenye winchi naye aliganda. Ilichukua muda, yeye anakadiria dakika tano, kabla mnyama hajashushwa. Alipofika tisharini hakuweza kusimama, wakaleta kisu upesi, wakamchinja akiwa hai ili nyama iwe halali.

"Aliponitazama nilimjua," anasema. Mwandishi wa makala haya alimuuliza ana maana gani. Alifikiri kidogo. "Sisemi kwamba alikuwa ng'ombe wangu wa zamani. Nasema kwamba hofu ile nilikuwa nimeiona. Niliiona Majunga, kwenye nyuso za watu. Ni ile ile. Hakuna nyingine."

Nyama iligawiwa kwa makuli. Rachadi alipata kilo mbili, kitu kisichokuwa cha kawaida nyumbani kwake. Djouhara aliipika na ndizi mbichi na akaalika jirani. Rachadi alitia tonge mdomoni, akalitafuna, akaona haliteremki. Alitoka uani, akalitema, akarudi akala ndizi peke yake.

Alidhani yatapita. Juma lililofuata alijaribu kuku, ikawa vile vile. Mwezi ulipokwisha aliacha kujaribu, na hapo, anasema, ndipo jambo lilipoacha kuwa la tumbo likawa la akili. Alianza kujiuliza kama anahitaji nyama hiyo kweli, au anaila kwa sababu kila mtu anaila.

Katika mji mdogo, mtu anayesukuma sahani ya nyama kwenye karamu huonekana. Maneno yalianza. Watu waliosema kwamba hawa Sabena wana mambo yao walipata la kuongeza. Mwishowe aliitwa na Zaïdou, mwalimu wa chuo cha Kurani cha mtaa ule, ambaye watu humwita Fundi, kama wanavyowaita wenye elimu ya dini huko.

Fundi Zaïdou, ambaye sasa ana miaka sabini na mmoja, anayakumbuka mazungumzo hayo vizuri, na masimulizi yao wawili hayapishani. Alimuuliza kwanza kama anasema nyama ni haramu. Rachadi akajibu hapana. Akamuuliza kama anajiona bora kuliko wanaokula. Akajibu hapana, ingawa Fundi anasema jibu hilo la pili lilichelewa kidogo.

Kisha akamuuliza anakula nini. Rachadi akataja muhogo, mbaazi, shelisheli.

"Nikamwambia, mwanangu, hivyo navyo ni viumbe," anasema Fundi Zaïdou. "Hakuna kitu kisichomsabihi Mola wake, ila hatufahamu tasbihi yake. Ukiung'oa muhogo, umeua. Kwa nini umhurumie huyu usimhurumie yule?"

Rachadi aliomba ruhusa ya kwenda kufikiri. Kwa siku nane, anasema, alikuwa akitazama miti njiani kama mtu aliyepotelewa na kitu. Alikwenda shambani kwa jirani akang'oa muhogo kwa mkono wake, taratibu, akisikiliza. Siku ya tisa alirudi kwa Fundi.

"Nilimwambia, Fundi, huenda muhogo unaumia, Mungu ndiye ajuaye. Mimi sijui. Lakini ng'ombe najua. Sitaulizwa kwa nisilolijua. Nitaulizwa kwa ninalolijua."

Fundi Zaïdou akasema jambo ambalo Rachadi anasema lilimuuma kuliko masengenyo yote ya mtaani. Alimwambia kwamba jibu lake ni zuri, na kwamba halijamsaidia ng'ombe hata mmoja.

"Tumbo lako limepata raha," alimwambia. "Alhamisi meli inakuja. Watavutwa kwa pembe kama jana, na wewe utakuwa umeshika mkia."

Rachadi alitoka bila kuaga vizuri. Anasema alikuwa amekasirika kama mtu aliyeibiwa. Alifika nyumbani, akamuuliza Djouhara turubai lililomteremsha mama liko wapi. Lilikuwa juu ya paa la jiko, likizuia mvua.

Turubai hilo lilikuwa limechakaa, lakini vipimo vyake ndivyo vilivyompa mkanda wa kwanza. Alinunua turubai jipya kwa mshahara wa siku tisa. Kuli kama yeye hupata faranga mia saba kwa siku, siku ambazo kuna kazi. Alishona kwa uzi wa matanga, mishono mitatu mitatu kila upande, akatia vijiti viwili vya mti mgumu mahali pa mbavu, na kamba mbili fupi, moja ya kifuani na moja ya nyuma, ili mnyama asichomoke kwa mbele wala kinyumenyume. Alijaribu uzito kwa magunia ya mchele. Mara mbili ukakatika.

Djouhara anasema mwaka ule mumewe alijishona vidole kuliko alivyoshona turubai.

Kazi ngumu haikuwa kushona. Makuli wenzake hawakutaka kuusikia mkanda huo. Kufunga pembe ni dakika moja. Kupitisha mkanda chini ya ng'ombe mwenye hofu ni dakika nne, na mtu anaweza kupigwa teke la kifua. Kiongozi wa kundi lao, Assoumani, alimwambia waziwazi kwamba huruma yake itakula chakula cha watoto wa watu sita. Wakala wa mfanyabiashara wa ng'ombe, Moindjié, hakutaka hata kuuona. Kwa zaidi ya mwaka mkanda ulikaa ndani ya gunia.

Agosti 1986, gati jipya likiwa limeshaanza kazi, ilikuja meli yenye ng'ombe ishirini na wanane walioagizwa na wale wazungu kwa ajili ya sherehe yao. Moindjié alitaka wote wawe nchi kavu kabla ya adhuhuri. Rachadi alikuja na gunia lake. Alipoambiwa afunge pembe, alisema hafungi pembe tena, leo wala kesho. Wakikubali mkanda, ng'ombe wote atawafunga yeye mwenyewe.

Moindjié akamwambia arudi nyumbani. Rachadi hakurudi. Alisimama chini ya ndoana ya winchi, na mwenye winchi hakuweza kuishusha bila kumpiga kichwani.

"Niliogopa," anasema. "Nilimwona mzungu mmoja anakuja kutoka garini, bastola kiunoni. Nikasema moyoni, Rachadi, umewaacha watoto kwa ajili ya ng'ombe."

Mzungu aliuliza kwa Kifaransa kuna nini. Moindjié alimjibu kwamba huyu Sabena anataka ng'ombe wateremshwe kama maharusi. Makuli wakacheka. Mzungu naye akacheka. Kisha akatazama saa yake akasema aonyeshwe mmoja.

Rachadi aliingia shimoni akamfunga wa kwanza. Anasema hakuhesabu dakika. Alichosikia ni pumzi zake mwenyewe. Yule ng'ombe alipanda, akavuka, akatua, akasimama. Assoumani, aliyekuwa gatini, ndiye aliyeona jambo ambalo hakuna aliyelifikiria. Ng'ombe aliyeshushwa kwa pembe huanguka, au huruka kama kichaa, na watu wanne hutumia dakika kumi kumkamata na kumfunga. Huyu alisimama tu. Mtu mmoja akamshika kamba akaenda naye.

Assoumani alipanda melini, akaingia shimoni, akashika ncha ya pili ya mkanda.

Walimaliza wote ishirini na wanane kabla ya adhana ya adhuhuri. Ng'ombe mmoja alichubuka goti. Mzungu hakusema asante wala kwaheri. Alipakia akaondoka.

Rachadi hajidanganyi juu ya siku ile. "Hakuwa na huruma yule. Aliona nyama haikuvilia damu, basi," anasema. "Na ng'ombe wote walikufa kesho yake. Najua. Niliwafikisha wazima kwa watu wenye bunduki wakawala."

Mtu aliyemwambia hivyo kwa maneno makali zaidi ni dada yake.

Rahamatou, mwenye miaka thelathini na tisa, aliolewa Moroni, mji mkuu ulio kisiwa kingine, na anauza katika soko la Volo Volo. Meza yake iko upande wa mboga: mihogo, mbaazi mbichi, ndizi za kupika, majani ya muhogo yaliyotwangwa. Ni mwanamke mnene, mwepesi wa maneno, na wakati wote wa mazungumzo haya aliendelea kuuza.

Aliposikia kwamba kaka yake ameutoa mkanda ule katika turubai la mama yao, hakusema naye kwa miezi miwili.

"Alimlinganisha mama yetu na ng'ombe," anasema. "Watu walikuwa wakinipitia hapa mezani wananiuliza kama ni kweli. Na baadaye nikamwambia, kaka, wewe umewasaidia wauaji. Zamani ng'ombe alifika kwa kisu akiwa nusu mfu. Sasa anafika amepumzika."

Rachadi hakumjibu kwa maneno mengi. Alimtumia ujumbe kwa abiria wa meli kwamba hakumshusha mama kuwa ng'ombe. Alimpandisha ng'ombe kidogo, basi. Rahamatou anasema ujumbe ule ulimkasirisha mwezi mzima, kisha siku moja akiwa anapanga mihogo akauelewa, akaenda kutafuta mtu wa kupeleka salamu Mutsamudu.

Walipatana ikabaki shughuli nyingine. Mwaka huu, mwezi wa saba, binti wa Rahamatou, Djaouharia, aliolewa. Katika desturi ya huko mjomba ana nafasi kubwa katika harusi ya binti wa dada yake, na nafasi hiyo ina ng'ombe wake. Familia ya mume wa Rahamatou ni ya Moroni tangu mababu. Walikuwa wamemvumilia mkwe Sabena miaka mingi. Harusi bila ng'ombe wa mjomba ingekuwa neno ambalo lingemfuata Djaouharia mpaka uzeeni.

Rachadi alikaa siku tatu na barua ya dada yake ya kumwomba ng'ombe huyo. Mtu mwingine labda angekataa na watu wangemsifu kwa msimamo. Yeye aliona kwamba kukataa kungemlipisha binti deni la mjomba wake.

Alinunua fahali wa rangi ya maziwa, akampandisha meli ya kwenda Moroni kwa mkono wake, akasafiri naye. Bandari ya Moroni ni ndogo na ya zamani. Meli kubwa hutia nanga nje, na ng'ombe huteremshwa kwenye matishari kwa pembe, kama ilivyokuwa Mutsamudu. Mkuu wa watu wa matishari, mwanamume mfupi aitwaye Mmadi, alikuwa ameshatayarisha kamba. Rachadi alimwomba amwachie huyu mmoja tu. Akatoa mkanda.

Mmadi anasema alimwachia kwa sababu alitaka kucheka. Mawimbi yalikuwa makubwa siku ile. Tishari lilipanda na kushuka, na fahali mweupe alishuka kati ya mawimbi mawili, akakaa ndani ya tishari kama abiria.

"Sikucheka," anasema Mmadi. "Mimi mwenyewe nimewatoa pembe watatu katika kazi hii. Usiku huwa siwasahau, ila hatusemi mambo hayo."

Siku ya karamu, fahali alichinjwa. Rachadi alisimama pale mpaka mwisho, mkono wake juu ya nundu, akimsemesha kwa Kimalagasi. Wali ulipopakuliwa, mjomba wa bibi harusi aliwekewa mbele yake fungu la heshima, nyama ya nundu, na mkeka mzima ukamtazama.

Kuirudisha kungekuwa tusi. Rachadi aliichukua sahani, akaishukuru familia, akainuka nayo. Mmadi alikuwa ameketi nje na watu waliosaidia kubeba. Rachadi alimshika mkono, akamleta ndani, akamketisha mahali pake pa mjomba, akamwekea sahani. Akawaambia wazee kwamba fungu ni lake, na mtu aliyemfikisha fahali salama kwa bibi harusi ndiye anayempa. Kisha akaketi ubavuni pake akala mbaazi.

Palikuwa na manung'uniko. Shemeji yake, mume wa Rahamatou, aligeuza uso. Lakini mzee mmoja wa ukoo akasema fungu limekubaliwa na limeliwa, na mazungumzo yakaendelea. Djaouharia aliolewa kwa heshima zake zote. Shemeji bado hajamsamehe Rachadi sawasawa. Humwamkia, na haongezi neno.

Mmadi alikula nundu yote. "Ilikuwa tamu," anasema, bila aibu. Asubuhi yake alimtafuta Rachadi bandarini, akamwuliza mishono ni mingapi kila upande.

Tangu wakati huo mkanda umetumika Moroni kwa ng'ombe watatu tu. Mwenye matishari aliyemwajiri Mmadi aliuzuia akisema unachelewesha. Rachadi alikwenda kuzungumza naye mwezi wa tisa, akangojeshwa kutwa mlangoni, akaambiwa arudi kwake.

Mutsamudu, hata hivyo, tangu Agosti ile ya 1986 hakuna ng'ombe aliyeteremshwa kwa pembe. Makuli wana mikanda mitano. Assoumani, aliyesema huruma itakula chakula cha watoto, sasa humfokea mgeni yeyote anayeshika kamba karibu na pembe. Hakuna kati yao aliyeacha nyama.

Rachadi naye haijakwisha safari yake. Wanaombishia humtajia samaki, kwa sababu samaki bado anamla. Mwandishi naye alimtajia. Hakutafuta kisingizio.

"Hapo umenikamata," alisema. "Sijamaliza. Nilianza na ninalolijua zaidi. Nikipewa umri nitafika."

Amekodi kipande cha shamba juu ya mji, amekipanda mbaazi na muhogo. Mavuno yake yatakwenda kwa Rahamatou, Volo Volo, na anatumaini katika miaka mitatu yataweza kulisha nyumba yake bila ukuli. Aliulizwa kama angependa meli ya Alhamisi iache kabisa kuja. Alisema ndiyo, kisha akatazama wenzake watano wakigawana mkate kivulini mwa ghala, akasema jambo hilo si jepesi kulitamka mbele yao, lakini jibu ni ndiyo.

Kwa sasa anashona mkanda wa sita, mwepesi zaidi, unaoweza kupita chini ya ng'ombe kwa dakika mbili. Ni wa Moroni. Jumamosi anapanda meli kwenda kwa yule mwenye matishari.

Djouhara amemwambia kwamba atangojeshwa mlangoni kama mara ya kwanza.

"Nimemwambia anifungie chakula cha kungojea," anasema Rachadi, akikata uzi kwa meno. "Chakula cha siku mbili."